Umri wa Jumamosi

Akina baba walikuwa wanafundishwa kumwogesha mtoto. Darasa lao lilikuwa chumba cha nyuma cha zahanati, jirani na dirisha walikonywea methadoni, dawa ya kuwaachisha unga wa kulevya, kila asubuhi mbele ya muuguzi. Walipokezana mwanasesere juu ya beseni, na sabuni ikawaponyoka watu wazima wenye ndevu zao.

"Shikeni shingo kwanza," muuguzi alisema.

Fundi makochi alishika shingo. "Wangu ana miaka tisa," alisema. "Anaoga mwenyewe."

"Jifunze tu."

Siku ya Jumamosi fundi alikwenda kwa mama mkwe wake, alikoishi binti yake tangu unga ulipoivunja nyumba. Mama wa mtoto alikuwa kazini, zamu ya mchana. Binti alikuwa mezani anasoma. Aliinua macho, akamwona baba yake, akaanza kunywea. Mikono ilipotelea ndani ya gauni, viatu vikadondoka chini ya meza, na baada ya muda kidogo aliyekaa pale kwenye kiti alikuwa mtoto wa mwaka mmoja, ananyonya kidole.

"Ndio umri uliomwacha nao," bibi alisema, akaenda kutafuta nepi.

Fundi alimwogesha. Alishika shingo kwanza. Jioni alipoaga, binti alirefuka tena mpaka miaka yake tisa, akavaa viatu, akaendelea na kitabu.

Darasani aliwasimulia wenzake. Dereva wa lori alimwambia ana bahati. "Wangu ana ndevu kunishinda. Asiponywea, sijui nitampakata vipi."

Muuguzi aliuliza kama mtoto alikaushwa vizuri kwenye mikunjo.

Kila Jumamosi binti alinywea kidogo kuliko ile iliyopita. Fundi alimlisha uji, akambeba mgongoni, akamshika mikono akijifunza kutembea. Siku moja binti alimtazama usoni, akasema, "Baba."

Fundi alifuta macho kwa kanga ya mtoto.

"Mara ya kwanza alimwita hivyo fundi bomba," bibi alisema, bila ubaya. "Alikuja kutengeneza sinki."

Kisha ikaja Jumamosi ambayo binti aliishia kwenye miaka sita, akajilaza kochini, mwili unachemka.

"Huu ni mwaka wa homa," bibi alisema. "Tulidhani tunampoteza."

Fundi alilowesha kitambaa, akakiweka kwenye paji la uso wake. Macho ya mtoto hayakutoka mlangoni.

"Unamngoja nani?" fundi alimuuliza.

"Baba."

"Mimi hapa, mwanangu."

Mtoto alimgeukia, akamtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Wewe ni wa Jumamosi," alisema. "Mimi namngoja baba."

Fundi alimjua huyo anayengojwa, yeye mwenyewe wa mwaka ule, na alijua alipo: nyuma ya soko la mboga, amekaa amesinzia, kidevu kifuani, mate yanamtoka. Akasimama.

"Niende nikamlete, mama?" alimuuliza mkwewe.

"Hatakuja. Nilituma watu mara mbili." Bibi alibadilisha maji ya beseni. "Kaa."

Fundi akakaa. Alimpakata binti yake, wote wawili wakautazama mlango. Nyayo zilipopita nje, mtoto aliinua kichwa, na fundi naye aliinua. Nyayo ziliendelea na safari yake. Mwanga ulihama kutoka sakafuni hadi ukutani, homa ikaanza kushuka, na hakuna aliyebisha hodi.

Jua lilipoinama, binti alirefuka mapajani mwa baba yake mpaka miguu ikagusa sakafu. Alijifuta jasho.

"Hakuja," alisema.

"Hakuja," fundi alikubali.

Binti alianza kuvaa viatu. "Wewe utakuja Jumamosi?"

"Nitakuja."

"Nitakuwa wa miaka saba, na mapengo huku mbele," alisema. "Usinicheke."