Kompyuta ya Muganga Ninahazwe

Kanuni hiyo Pélagie aliijua tangu siku zake za kwanza za ufundi wa kompyuta: usiguse BIOS bila umeme wa akiba. BIOS ndiyo programu ndogo inayoiamsha kompyuta. Ikikatizwa inapoandikwa upya, mashine haiamki tena. Lakini umeme wa Uvira ulikuwa umewaka siku tatu mfululizo, naye akauamini. Mizinga ikaanza kulia upande wa uwanda wa Ruzizi, taa zikazimika, na kompyuta ya Bernardine Ninahazwe ikazimika nazo, kazi ikiwa imebaki robo. Betri yake Pélagie alikuwa ameitoa mwenyewe, maana ilikuwa imevimba.

Umeme uliporudi, alibonyeza kitufe. Feni ikavuma. Kioo kikabaki cheusi.

Bernardine alikuwa muganga wa kituo kidogo cha afya karibu na Bwegera. Kituo kilipochomwa, madaftari yote yaliungua. Aliokoa kompyuta tu, ameifunga ndani ya furushi la nguo. Humo mlikuwa na wagonjwa thelathini na wanane wa kifua kikuu: nani yuko mwezi wa ngapi wa dawa, nani dawa za kawaida zilimshinda. Wagonjwa wenyewe walikuwa wametawanyika makanisani na mashuleni mjini. Aliileta kwa Pélagie kwa sababu ilikuwa ikizimika ovyo, na Pélagie akaona BIOS mpya ingeiponya.

Aliporudi kuichukua, Pélagie alikuwa ameshapanga la kusema: vita imeiua. Nani angebisha? Lakini alipomwona yule mama mlangoni, tope limemfika magotini, aliuacha uongo huo.

“Mama muganga, ni minye niliiua,” alisema. “Nilianza kazi bila batri.”

Bernardine akaketi kwenye kigoda. “Weye ulijua iko hatari?”

“Nilijua.”

“Na watu wangu?”

“Wako ndani, hawajapotea. Lakini mahali inapohifadhi vitu pamechomelewa kwenye ubao wake wa ndani, siwezi kupatoa. Lazima masini iamke.”

“Basi iamshe.” Bernardine akainuka, akatoka bila kuaga.

Mashine za aina ile zina mlango wa dharura: unaweka faili ya BIOS kwenye flashi, unashikilia vitufe viwili, unawasha, na yenyewe hujisomea. Faili Pélagie alikuwa nayo. Alijaribu siku mbili, akibadilisha jina la faili, akibadilisha vitufe, na kioo hakikuonyesha hata nukta. Siku ya tatu ndipo alipong'amua kuwa huenda flashi yake ilikuwa kubwa mno kwa mashine kongwe kama ile. Akaenda kwa mama Léocadie, kiongozi wa kwaya, akaazima ndogo ya zamani. Kisha akaenda kwa Chadrack, kinyozi wa jirani, kuomba betri ya gari iliyoendesha mashine zake za kunyolea.

“Nikikupa, nafunga kazi,” Chadrack alisema.

“Najua, kaka. Kura ya umeme ikikatika tena katikati ya kazi, masini imekufa kabisa.”

Chadrack akatazama viti vyake vitupu. “Beba. Nani iko ananyoa siku hizi?”

Safari hii taa ya flashi ilianza kupepesa. Pélagie aliondoa mikono mezani, akaikalia. Dakika sita zikapita. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, kioo kikapata mwanga.

Bernardine alipoitwa na kusoma majina, alinakili kwanza la Nizigama, mzee ambaye dawa za kawaida zilimshinda. Walikwenda pamoja hadi shule alikolala. Mkewe aliwapokea uani. Mzee alikuwa amezikwa juzi. Alisema wauguzi waliokuja pale walisita kumpa dawa yoyote bila kujua alikuwa kwenye zipi.

Njiani Pélagie alisimama. “Mama, kama ningeiamsha siku ile ya kwanza...”

“Sijui, binti yangu. Alikuwa mgonjwa sana. Lakini usiniombe niseme haikuwa kitu.”

Pélagie akainamisha kichwa. Bernardine akamngoja hadi alipojifuta uso, kisha akampa karatasi na kalamu.

“Andika. Kaneza, mwezi wa nne. Wanasema iko Kavimvira, kanisani. Tukitembea sasa, tutamkuta.”