Betri ya Baba Anneth

Mume akikuambia anapeleka betri kuchaji, na wewe ni mke wa dereva, jua unadanganywa. Gari lenyewe ndilo linalochaji betri yake: injini ikizunguka, dainamo inatoa umeme, betri inashiba. Bernardo mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo tulipooana, akijitapa. Sasa, mwaka huo wa tisini na tano, kila jioni alikuwa anafungua betri ya pikapu, anaifunga nyuma ya baiskeli na kushika njia ya kambi ya wakimbizi wa Rwanda.

"Baba Anneth, betri inakwenda wapi?"

"Kuchaji."

"Kambini kuna umeme kutushinda sisi wa Mabawe?"

Akacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko jibu.

Asubuhi betri inarudi imechoka. Stata inakohoa mara moja, kimya. Nani anasukuma? Mimi, kanga kiunoni, mpaka mteremkoni kwa jirani yangu Genoveva, naye anasimama mlangoni kutazama.

"Mwenzangu," akaniambia siku moja, "huko kambini wajane ni wengi. Na mwanamke mwenye taa na redio hakosi wageni."

Wazo hilo mimi nilishalifikia zamani. Nilinusa mashati ya Bernardo, nikapekua mifuko. Sikupata kitu, na hilo ndilo lililonizidishia shaka. Mwanamume asiye na hata kipande cha karatasi mfukoni ni mtu aliyejiandaa.

Jumamosi moja, akiwa amelala baada ya chakula, niliingia kwenye pikapu nikawasha taa kubwa za mbele. Juani hakuna anayeziona. Nikaziacha hadi saa kumi, nikazima. Nilitaka huyo bibi asubiri mwanga wake apate giza. Niseme kweli, nilifurahi sana.

Bernardo alipoondoka na betri, nikamfuata kwa kujificha migombani. Karibu na kambi, mwanamke kijana alitoka kwenye kibanda cha turubai akaipokea betri kwa mikono miwili. Bernardo akamwita Akimana. Nikasema moyoni, ndiye huyu, nikatoka nimekunja ngumi.

Nikawafuata nyuma ya kibanda, nikakuta wameketi watu kama ishirini, wazee na akina mama, hakuna anayesema neno. Nilimwamkia mzee mmoja, Nkeshimana, aliyekuwa akiunganisha nyaya kwenye redio. Hakuitikia shikamoo yangu, alinyoosha tu mkono kuniashiria ninyamaze. Redio ikaanza kusoma majina ya watu wanaotafuta ndugu waliopotezana nao vitani. Kinyarwanda na Kihangaza chetu ni majirani, nilielewa kila neno.

Bernardo aliniona, wala hakushtuka. Alikuwa ameinama karibu kabisa na spika, na hapo nikatambua kwamba hakuja kuwaletea wenzake betri tu. Na yeye alikuwa anasubiri jina.

"Uwimana," redio ikasema, "miaka kumi na minne, anamtafuta baba yake, Bernardo, dereva wa malori kutoka Ngara, Tanzania. Mama yake, Felisita, amefariki. Mtoto yuko katika kambi ya..."

Sauti ikazama, ikakwaruza, ikakatika.

Mzee Nkeshimana akabana nyaya upya. Akazikwangua kwa kisu, akabana tena. "Betri imekufa," akasema. Mama mmoja, ambaye jina alilokuwa akilingoja lilikuwa halijasomwa, akaanza kulia.

Kumbe Bernardo alikuwa na mtoto, wa siku zile za malori ya Kigali kabla hajanioa, na miaka yote hakuniambia. Hasira hiyo ilikuwa haki yangu. Lakini nilipomwona akiipigapiga ile betri kwa kiganja kama anayemwamsha mtu, nilishindwa kukasirika.

"Ni mimi," nikasema. "Niliwasha taa tangu mchana ili ife."

Nilisubiri kofi. Nilisubiri tusi. Bernardo alinishika mabega, macho yamejaa machozi, akaniuliza taratibu:

"Mama Anneth, wewe una masikio mazuri kuliko mimi. Wamesema kambi gani?"

Nilitamani kumdanganya, nimtajie kambi yoyote.

"Sikusikia," nikasema.