Msamaha Uliopakwa Vanishi

Msamaha wa ndugu yangu ulining'inia ukutani miezi minne, na mimi nimekaa chini yake nasikiliza redio. Wacha niseme mwenyewe ilivyokuwa, maana nimechoka kusikia watu wa huku mjini Maua wakinong'ona ati Muthamia ana roho ya jiwe.

Thuranira ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa. Miaka tisa iliyopita aling'oa mpaka wa mashamba yetu akausogeza hatua sita upande wangu, akameza miti saba ya miraa aliyoipanda baba kwa mikono yake. Chifu alikuja, wazee wakaja, na yeye akakana mchana kweupe. Nikamwambia mbele ya watu wote: siku ukikubali kosa lako, nitumie bunda, la sivyo tusijuane.

Huku kwetu Igembe mtu mzima haombi msamaha kwa mdomo mtupu. Anachagua miraa nzuri, anaifunga kwa majani ya mgomba, anaikaza kwa kamba kwa ustadi, kisha anamtuma mtu alipeleke bunda. Ukilifungua ukatafuna, mambo yamekwisha. Ukilirudisha, umekataa, naye anajua amekataliwa. Lakini kulipokea ukae nalo kimya, hata kwa adui hakufanywi. Huko ni kumwambia mtu kwamba wewe si kitu.

Basi nililingojea hilo bunda. Watu waliniona mkali, wakadhani nimemsahau. Nilimpenda huyo kijana. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kumvusha mto tukienda shule, na kila mwaka nilisema moyoni, mwaka huu atatuma.

Mwanangu Murithi anafanya kazi na kampuni moja ya kusafirisha maua, leo yuko huku, kesho yuko kule, nyumbani haonekani kwa miezi. Mwaka jana alijenga nyumba ya mawe, akanihamishia humo pamoja na mkewe Lydiah, mwalimu, binti wa Embu. Ni mtoto mwenye adabu, sitasema uongo. Lakini aliipamba ile nyumba mpaka nikapotea ndani ya nyumba ya mwanangu. Mlangoni kuna kinyago cha Kongo kimeachama. Sakafuni zulia la Uturuki, ole wako ulikanyage na viatu. Mito ina vitambaa vya Kihindi vyenye vioo vinavyokuchoma shavu ukisinzia. Kuna nguo ya Mali iliyochorwa kwa matope, na tope letu hapo nje tunaamriwa kupangusa miguu tusiingie nalo. Kuna kigoda cha Ghana ambacho hakikaliwi na mtu. Nilimuuliza vitu vya watu hawa wote vinatafuta nini Igembe. Akacheka, akasema, "Baba, ndio mtindo siku hizi. Asili ya dunia nzima ndani ya sebule moja."

Macho yangu yana mtoto wa jicho. Kilicho ukutani kwangu ni madoa tu, jeusi, jekundu, la kahawia. Nilikuwa siulizi tena.

Mwezi wa nane akaja Kaberia, rika langu, mnunuzi wa miraa. Alikaa kwenye sofa, akavua kofia, akaniambia Thuranira amefariki jana hospitalini. Figo. Badala ya kulia nikasema maneno ambayo ningelipa chochote nisingeyasema. Nilisema, "Basi amekwenda na kiburi chake."

Kaberia akasema polepole, "Kiburi gani, Muthamia? Na hilo bunda lililo juu ya kichwa chako?"

"Bunda gani?"

Alinishika mkono akaupeleka ukutani, kati ya ile nguo ya Mali na sahani iliyosukwa kwa nyasi. Niligusa kamba, nikagusa majani ya mgomba. Yalikuwa magumu, yanateleza kama meza mpya. Nilinusa, nikapata vanishi peke yake.

"Limefungwa kwa heshima yote," Kaberia akasema. "Na halijafunguliwa."

Nikamwita Lydiah. Alitoka jikoni anapangusa mikono. Nikamuuliza kitu hiki kililetwa na nani.

"Kithaka," akasema. "Yule aliyeoa kwa Mzee Thuranira. Alikuja mwezi wa nne, siku ile ulipopelekwa kliniki ya macho. Akasema hii ni ya mzee, imetoka kwa baba mkwe wake. Mimi nikajua ni zawadi ya nyumba mpya, Baba. Kwetu hatuna desturi ya kutumiana miraa. Nikaona imefungwa vizuri ajabu, nikaipaka vanishi isioze, nikaiweka mahali wageni wataiona."

"Na mimi hukuniambia?"

"Baba, wiki tuliyohamia ulituambia, anayetaja jina la huyo mtu ndani ya nyumba hii afungashe virago. Niliogopa nikisema imetoka kwa nani utaitupa. Nikaona heri ikae."

Nilisema hivyo. Hata meza niligonga. Nilitaka kumfokea yule mtoto, nikakosa pa kuanzia, kwa kuwa alinitii.

Kaberia alinishika mkono tukaenda kwa Thuranira. Uani palikuwa na watu, nikasikia mazungumzo yanakatika tulipoingia. Karambu, mke wa marehemu, alikuja tukasalimiana. Mkono wake ulikuwa baridi. Nikamwambia nina neno, na nikalisema papo hapo mbele ya waombolezaji, kwa sababu nilijua nikingoja sitaweza. Nilieleza kliniki, nikaeleza Lydiah na Embu na vanishi, na vinyago. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mlilifanya pambo," akasema.

"Ndiyo, Karambu. Sikujua."

"Alikuwa akiuliza kila asubuhi kama kuna mtu ametoka kwako. Miezi miwili. Halafu akaacha kuuliza." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Alisema ukija siku yoyote, usifukuzwe wala usiulizwe kitu. Upewe kiti kama mgeni mwingine."

Nikapewa kiti. Nilikaa katikati ya watu wa ukoo wangu na hakuna aliyenisogelea. Baadaye Karambu akaja na kikombe. Huyu ni mwanamke aliyenipikia chai kwa miaka ishirini kabla ya ule mpaka, asubuhi na jioni, na hajawahi kukosea. Aliinama, akaniuliza kama natumia sukari.