Finyango ya Mama Siwema

Jana usiku niliota nimetoka jikoni na sufuria mikononi, nikalikuta tumbo langu limeketi mkekani pamoja na watu wengine, linasubiri chakula.

Nililitambua papo hapo ingawa sijawahi kuliona. Lilikuwa dogo, kiasi cha kikombe cha kahawa, kama daktari alivyoniambia litakavyobaki baada ya upasuaji. Ubavuni lilikuwa na mshono mweusi, na limekunja miguu vizuri. Kwamba tumbo lina miguu halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kuwa limekaa kando ya mume wangu, mahali pa mgeni, na hakuna aliyeniambia kuna mgeni.

"Karibu," nikaliambia.

"Nimeshakaribia," likasema. "Nimekusubiri huko ndani nikachoka. Leo nimeona nije mwenyewe."

Inabidi nieleze nyumba yetu inavyokula, la sivyo nitaonekana nimechanganyikiwa. Tunaishi Korogwe, mimi, mume wangu Mbaruku, binti yetu Siwema, na mama mkwe wangu, Bi Sikujua. Kwa Bi Sikujua, anayepika ndiye anayepakua, na anayepakua anakula mwisho. Finyango kubwa ni ya baba, inayofuata ya mgeni, halafu bibi, halafu mtoto. Mpishi anabaki na mchuzi, na watu humfariji kwamba nguvu yote ya nyama imo mchuzini. Nimepakua hivyo tangu niolewe, na nikanenepa hivyo hivyo, maana aliyekosa nyama hakuna anayemnyima ugali. Kisukari kilipotaka kuniua madaktari wakanikata tumbo kulipunguza. Mtaalamu wa lishe, binti mmoja mpole mwenye sauti ndogo, akanifundisha kula upya: kitoweo kwanza, mboga za majani zifuate, wanga mwisho kama pamebaki nafasi. Nikaitikia kila neno. Nikarudi nyumbani nikaendelea kupakua kitoweo kwanza, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote, kwa wenzangu. Wala sikuona kama nimevunja sharti lolote.

Basi nipo mkekani. Nashika upawa. Mbaruku anapata finyango yake, Bi Sikujua yake, Siwema yake. Ya mgeni naibeba kwenda kwenye sahani ya tumbo, lakini Bi Sikujua ananishika mkono.

"Hilo si mgeni, hilo ni la mpishi," anasema. "Litangoja."

Naiachia, kwa sababu ni kweli ni langu. Finyango ya mgeni inarudi kwa Mbaruku, naye anaipokea bila kuinua macho, kwa jinsi mtu anavyopokea chenji.

Mlangoni amesimama mchicha. Umefungwa kamba kiunoni, majani yameanza kulegea. Nikauambia upite ndani, usisimame juani.

"Siwezi kutangulia," ukasema. "Nyama ndiyo mkubwa wangu. Ikishapita nitapita."

Nikauambia nyama imekwisha. Mchicha ukasema basi utasubiri, na ukaendelea kunyauka pale pale kwa adabu zake zote.

Ugali haukusubiri mtu. Uliingia bila hodi, mkubwa, umevaa koti, ukaliendea tumbo ukitaka kukaa ndani yake. Ulisema ndio ulioilea nyumba hii na haujawahi kuambiwa hakuna nafasi. Tumbo likautazama kutoka chini hadi juu. Likasema ukikaa wewe hataingia mwingine, na huyu mama atakufa ameshiba. Ugali ulitazama huku na huku kutafuta wa kuutetea, kisha ukaenda kukaa pembeni, umenuna.

Nikalimiminia tumbo mchuzi, maana ndio niliokuwa nao. Ulipita moja kwa moja ukatokea upande wa pili na kulowesha mkeka.

"Maji," likasema. "Maji yenye chumvi. Mama Siwema, jikoni hamna kitu?"

"Hamna."

"Basi nitachukua ndani."

Halikusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Lilinyoosha mkono likashika msuko mmoja wa nywele zangu, ukang'oka bila maumivu, likaula. Likashika wa pili. Bi Sikujua aliangalia ukutani, akasema hata yeye alinyonyoka nywele alipokuwa ananyonyesha, zitaota tu.

Nikageuka nimwombe Mbaruku alikataze, lakini mkeka haupo. Nipo bucha. Miguu yangu yote miwili imesimama sakafuni, ila shavu la mguu wa kushoto linaning'inia kwenye ndoano, kati ya ini na mkia wa ng'ombe. Nyuma ya meza amesimama yule binti wa lishe, amevaa koti lake jeupe, anafuta panga kwa kitambaa.

"Shikamoo," akaniambia, maana ana adabu.

"Marahaba. Mwanangu, ule ni mguu wangu."

"Ni wako, mama. Mwili usipopewa nyama unajichinja wenyewe. Unaanza na iliyo mbali."

Nikamwuliza kama naweza kurudishiwa. Akasema haiwezekani, hiyo imeshaagizwa. Nikamwuliza imeagizwa na nani. Alinitazama kwa huruma, akalikata shavu la mguu vipande vya wastani, vizuri kabisa, kwa kuzingatia watu wa nyumbani kwetu, akanifungia kwenye gazeti.

Naipika. Sijui nieleze vipi, lakini naipika, kwa tangawizi na kitunguu, na harufu ni nzuri. Naitoa, naketi mkekani, kwa sababu mguu mmoja hauna nguvu tena. Bi Sikujua ananikumbusha kwamba mpakuaji hapakui amekaa. Nasimama kwa mguu wa kulia. Nampakulia baba kwanza.

Mbaruku akatafuna, akasema nyama hii laini, nimeitoa bucha gani. Mume wangu si mtu mbaya. Nilipolazwa alilala kwenye benchi la hospitali, hakurudi nyumbani hata kubadilisha shati. Ila hajawahi kutazama finyango inatoka wapi.

"Ya hapa hapa," nikamjibu.

Walipomaliza, sufuria ilikuwa na mchuzi, nami nikaumimina kwenye tumbo, ukapita kama mwanzo. Likanyoosha mkono tena. Safari hii likachukua paja, halafu mikono kuanzia begani kwenda chini. Sijui nilipika kwa mikono ipi. Kila nilichopika nilipakua, na kila nilichopakua kililiwa na watu wenye njaa ya halali.

Dirishani wakajaa majirani. Walikuwa wakishangilia. Mmoja akasema nimependeza, nimekuwa msichana, anataka namba ya daktari wangu. Mwingine akasema shingo imetokeza vizuri, sasa gauni lolote litanikaa. Nikawashukuru. Nilitaka kulia lakini nilikuwa nimeshika sufuria.

"Mama, mbona unaisha?" Siwema akauliza.

Bi Sikujua akamwambia anyanyuke aje nyuma yangu ajifunze kupakua, kwa vile mimi nimechoka. Mtoto akaja. Amepewa upawa mdogo, wa kimo chake. Anatazama mkono wangu unavyokwenda, naye anaiga hewani: baba, mgeni, bibi.

Nikatumbukiza upawa kwenye sufuria. Upawa ukasita.

"Imebaki moja," ukaniambia chinichini. "Kabla sijaitoa, uitazame."

Nikainama. Chini ya sufuria, kwenye mchuzi, kulikuwa na moyo wangu. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na bado ulikuwa unapiga, na kila ukipiga mchuzi ulitikisika kidogo pembeni.

"Na wenyewe ni nyama," tumbo likasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sikutaka nifike huko. Ila sheria zako unazijua kuliko mimi."

Mbaruku amenyoosha sahani. Haangalii, anazungumza na mama yake habari za machungwa, amenyoosha sahani tu kama anavyoinyoosha kila siku. Upawa umenyanyuka na moyo wangu juu yake. Niliogopa. Kisha nikaona kule nyuma upawa mdogo nao umenyanyuka, mtupu, na unaelekea pale pale kwenye sahani ya baba, na woga ukawa hasira.

Nikauchukua moyo kwa vidole nikautia mdomoni.

Mazungumzo ya machungwa yakakatika. Mikono ikabaki hewani juu ya sahani. Majirani wakaacha kushangilia, na mmoja wao akafunga dirisha kutoka nje. Mimi natafuna. Moyo ni mgumu na hauachi kupiga, natafuna kwa upande mmoja nikichoka nahamia mwingine, kwa sababu tumbo lenyewe jembamba, kitu kizima hakipiti. Nilitafuna kwa muda mrefu sana, wote wakinitazama. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na sikuacha.

"Umekula kabla ya watu," Bi Sikujua akasema.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliiweka chini finyango yake, akafuta vidole kwa upindo wa kanga, polepole, kimoja kimoja.

"Mimi nyama ya nyumba hii nilianza kuila siku nilipofiwa na mume," akasema. "Ndipo nikawa bibi, nikapewa. Meno yalikuwa yameshang'oka."

Mbaruku aliitazama sahani yake kwa mara ya kwanza, akaisukuma mbele kidogo, kisha akairudisha, kisha akaisukuma tena.

Nikameza. Mchicha ukaingia ukiinama, ukasema samahani, ukapita ukajipanga juu ya moyo. Ugali ukainuka pale pembeni ukauliza kama sasa zamu yake imefika. Tumbo likasema hapana, pamejaa, likakunjua miguu, likasimama.

"Kesho pia," likaniambia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mbaruku amelala kwa ubavu, mkono wake mmoja uko nje ya shuka, kiganja kimetazama juu. Taya zangu zilikuwa zinauma pande zote mbili. Nililala hivyo nikijiambia ni ndoto, mpaka ulimi ulipogusa kitu kati ya magego. Nikakitoa kwa kucha. Kilikuwa unyuzi wa nyama, mwembamba, mwekundu. Jana tulikula maharage, na nyama haijapikwa nyumbani wiki nzima.

Nikauweka kiganjani, nikausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Uliruka. Ukatulia, ukaruka tena. Nikaweka kidole shingoni, na mshipa wa shingo ulikuwa unakwenda nao pamoja.

Nje ya mlango Bi Sikujua akaniita, akauliza kama nimeamka, watu wanasubiri chai.

Nikaurudisha ule unyuzi mdomoni, nikautafuna polepole, na sikuitika mpaka nilipomeza.