Panya wa Godoro la Silvana

Tangu Machi Mzee Gaudensi alikuwa akipigana na panya. Kila alipofagia chini ya kitanda cha mjukuu wake alikuta makombo ya sponji. Akatega mitego miwili. Hakunasa hata mmoja.

Vita vya pili vilikuwa na mjukuu mwenyewe, Silvana, mwanafunzi wa darasa la saba, aliyemlea tangu mama yake ahamie Wampembe kuuza dagaa. Kila mwezi, siku tatu nne, mtoto alijikunja kitandani asiende shule. Mwalimu alikwisha kuandika barua: akikosa tena, nafasi yake katika kambi ya mtihani atapewa mwingine.

"Tumbo gani linalofuata kalenda?" Gaudensi alifoka Alhamisi ile. "Uvivu tu. Amka!"

Silvana alivuta blanketi. Hakuamka.

Jumamosi jua lilipochomoza baada ya baridi ya juma zima, mzee alitoa godoro kulianika. Akalipindua. Upande wa ukutani palikuwa na shimo kubwa kama sinia, kingo zimenyooka, zimekatwa kwa wembe. Ndani kilisokomezwa kipande cha sponji chenye damu iliyokauka.

Panya hakati kwa wembe.

Akavuka mpaka wa shamba la ulezi, ule waliougombania, hadi kwa jirani yake Fransiska.

"Leo umekumbuka njia?" mama yule alimuuliza.

"Mtoto amevunja ungo, nami sijui."

"Hujui wewe tu. Alinijia Machi analia, anadhani anakufa. Nikamwambia arudi kesho yake nimpe vitambaa, nimfundishe kuvifua na kuvianika juani. Kesho yake ukamkuta mlangoni kwangu, ukamrudisha kwa fimbo. Ulitaka amuulize nani, mzee? Panya?"

Gaudensi alikwenda dukani, akanunua pedi pakiti mbili. Vijana wa kibarazani wakacheka.

"Mzee, hizo za nani tena?"

"Za mjukuu wangu. Mama zenu hawazijui?"

Jumatatu alifika shuleni mwenyewe. Mwalimu hakumzungusha: kambi ilikwisha kujaa tangu Ijumaa.

Nyumbani, baada ya kuambiwa habari ya kambi, Silvana alizipokea pakiti kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyofunzwa.

"Asante, babu," alisema, macho chini. "Ningekwenda nazo kambini."

Gaudensi aliinama chini ya kitanda, akaanza kutegua mitego.