Tonge la Kwanza la Mama

Kila kiangazi, Ijumaa moja baada ya sala, fundi saa huwasha jiko la mkaa uani kwake na kumchomea mama yake samaki. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake pamoja na sharti lake: mchomaji ndiye humpa mama tonge la kwanza, na hapana mkono unaogusa chakula kabla ya hapo. Kwa miaka ishirini na miwili mama alilipokea tonge lile, akafumba macho, akasema, "Mkono wa baba yako huu." Kwa maneno hayo matano fundi saa aliishi mwaka mzima.

Mwaka huu mdogo wake alikuja likizo. Alikuwa mpishi wa hospitali, kitindamimba wa nyumba ile, na hata sasa, ndevu zikiwa na mvi, wote walimwita Kitinda. Aliingia na mfuko wa nyanya, vitunguu, pilipili, ndimu na embe bivu, akaketi kibarazani, akaanza kukata kachumbari.

"Kaa utulie. Wewe mgeni," fundi saa alimwambia.

"Mgeni kwa mama yangu? Kaka, hebu chunga samaki wako."

Mke wa fundi saa akainamia bakuli, akanusa. "Shemeji, hii balaa! Na chumvi je?"

"Haina hata punje. Mama ana presha. Ukiondoa chumvi, unamtuliza mlaji kwa ndimu na embe."

"Nasikia harufu mpaka huku," mama alisema kutoka kitini, akicheka. "Mate yananidondoka kama mtoto mchanga."

Fundi saa aligeuza samaki, naye moyoni akiungua kuliko mkaa. Samaki wake nao hawakuwa na chumvi. Aliwapaka tangawizi na kitunguu saumu, kila mwaka, kwa sababu ileile. Nani aliwahi kulitaja? Kliniki mama alipelekwa na yeye, dawa alihesabiwa na yeye. Na huyu, kwa siku moja na embe moja, amewateka wote.

Kitinda alipokwenda kunawa, na mke kufuata sahani, fundi saa alimpa mama mgongo, akachukua kopo la chumvi, akatia vijiko vitatu bakulini, akakoroga. Hesabu yake ilikuwa nadhifu kama saa aliyoifungua na kuifunga mwenyewe: mama ataanza kwa samaki, kama ada, kisha Kitinda ataonja pishi lake mbele ya watu, aumbuke.

Mkeka ukatandikwa. Fundi saa akamega mnofu wa tumboni, akaunyoosha mkono kwa mama. Mama akausukuma polepole.

"Ngoja, baba. Leo nianze na hicho cha Kitinda, harufu yake imenimaliza."

Akachota kijiko kilichojaa. Fundi saa akakiona kikipanda, kikikaribia midomo.

"Mama, usile!"

Akampokonya, akakitia kinywani mwake mwenyewe. Machozi yakamtoka.

"Kaka, una wazimu?"

"Ina chumvi. Nimeitia mimi."

Jikoni samaki waliobaki wakaanza kunuka kuungua, wala hakuna aliyeinuka.

Mama alimgeukia fundi saa. "Kitinda alipozaliwa, wewe ulimwuma kidole cha mguu. Leo una wajukuu, bado unauma?"

"Nisamehe, mama."

"Mwombe Mola wako, kisha mdogo wako. Halafu shika kisu."

Akamwomba mdogo wake radhi, akashika kisu. Kitinda aliketi karibu naye akikamua ndimu, mpaka akashindwa kujizuia. "Kaka, vitunguu vikubwa hivyo tunalisha ng'ombe?"

"Nyamaza, nakata."

Hatimaye mama alikula: samaki aliyeungua ubavu mmoja, na kachumbari mpya juu yake. Akafumba macho. Fundi saa akasubiri.

"Kachumbari hii," mama alisema, "naitaka kila Ijumaa."

Samaki hakumtaja. Wivu ukamchoma fundi saa tena, palepale penye jeraha. Akaomba maghufira kimoyomoyo, akalivuta bakuli la Kitinda, na kwa mkono wake mwenyewe akamwongezea mama kijiko cha pili.