Kitone cha Kijani

"Fundi yuko wapi?"

"Mama, nisikilize kwanza..."

"Nimekusikiliza wiki nzima kwa mdomo wa mwanangu! Fundi wa pampu yuko wapi? Au nikinge ndoo hii kwenye kompyuta?"

Watoto, wamebanana wanne wanne kwa kila mashine, wakacheka. Halafu wakaona mwalimu wao hacheki. Walimwita Mwalimu Waya, maana nusu ya kipindi yuko chini ya meza anaunga nyaya kwa utepe. Leo kasimama wima, mikono hajui aiweke wapi.

Wiki iliyopita mambo yalianza vizuri tu. Vitabu vya programu hakuna, kwa hiyo Waya akachukua mtandaoni jedwali la pampu zote za maji. Idara ya maji imeliweka wazi, anayetaka anachukua bure. Akawafundisha watoto kuandika programu ya kulisoma: pampu nzima, kitone cha kijani; pampu mbovu, chekundu. Ramani ikatokea, darasa likalipuka kwa kelele. Ndipo binti wa huyu mama akaiona pampu ya mtaani kwao, ile iliyokauka mpaka mpini umeota kutu. Kijani kibichi.

"Mwalimu, hawa waongo!"

"Basi sahihisha," Waya akasema.

Binti akafuta "nzima", akaandika "mbovu". Kitone kikawa chekundu. Wakapiga makofi, na Waya naye akapiga. Kengele ilipolia, binti akatoka mbio akitangaza kwamba idara ya maji wameshaambiwa, fundi anakuja. Waya alimsikia. Akanyamaza. Hajawahi kuona mtoto anatoka darasani kwake na furaha kama ile.

"Nikamwambia mwenye mkokoteni asituletee tena maji," mama akasema. Sauti sasa imeshuka. "Zamu yetu kashampa mwingine. Nimembembeleza, hataki hata kuniangalia. Watoto wangu wanywe nini, mwalimu?"

"Idara nimewaandikia, mama. Kimya."

"Na hiyo mliyoandika humu?"

Waya akatikisa kichwa. "Hiyo nakala yetu tu. Haitoki humu ndani."

Binti alikuwa nyuma ya mama yake, anasikia yote. Hakulia. Akawasukuma wenzake kwa kiwiko, akakaa, akafuta "mbovu". Akaandika "nzima". Akaiendesha programu.

Kijani.

"Haya, sasa iko sawa na ya idara."

"Iache nyekundu," Waya akasema. "Ndiyo ukweli wenyewe."

"Nani anaiona?"

Waya akaitazama ramani.

Binti akaitoa ndoo mkononi mwa mama yake, akageuka, akatoka. Akapita uwanjani, akashika njia ya bondeni, kwenye dimbwi wanakonywea ng'ombe, ndoo tupu ikimgonga goti kila hatua.